Nilipogawanya Kuran

Papa yangu alikuwa fundi wa umeme kule Uvira, Kongo, kabla hatujakimbia. Hapa Malawi, katika kambi ya Dzaleka, macho yake yalipoanza kufifia, alinifanya mimi kuwa macho yake. Nilimsomea namba za nyuma ya pasi au jiko, yeye akahesabu. Baadaye akaniachia na hesabu yenyewe. Nyumbani hatukusema umeme. Tulisema kuran, kama watu wote wa kwetu: kuran imeenda, kuran imerudi, kuran ya huku ni mia mbili na thelathini. Nami nilikuwa na kazi moja: zidisha kuran kwa ampea, upate wati. Majirani kadhaa huvuta waya kutoka nyumba moja yenye mita, kwa hiyo swali la kila siku lilikuwa kama waya utabeba jiko jipya au utawazima wote. Nilizidisha vizuri. Nilizidisha mpaka nikaanza kuringa, sitaficha.

Mwaka jana nikasikia kwamba karakana moja ya Area 25, Lilongwe, ina nafasi moja ya kujifunza umeme hadi kupata cheti. Niliitaka nafasi ile mpaka nikakosa hamu ya kula. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimechoka kuitwa binti wa fundi, na bila cheti hakuna anayekuruhusu kugusa waya wa ukutani. Wiki nzima papa alinifanyia mazoezi mlangoni. "Puissance?" anauliza, yaani nguvu, zile wati. Natoa jibu. "Puissance?" Natoa tena. Hakuuliza kingine.

Mwalimu wa karakana alikuwa Mmalawi mpole, mwenye sauti ya chini. Aliunganisha jiko la koili na mita mbili. Moja ikaonyesha mia mbili na thelathini, nyingine tano. Akaniuliza nguvu yake. Elfu moja mia moja na hamsini, nikasema, kabla hajashika kalamu. Akatabasamu, nami nikajiona nimeshafika. Kisha akauliza ukinzani wa koili, ile hali ya waya kuuzuia umeme usipite kirahisi. Alipoona hesabu hiyo siijui, akanisaidia kwa Kiingereza: gawanya "voltage" kwa "current".

Hilo neno la pili lilikuwa kuran yetu, tena limetamkwa kidogo tu tofauti. La kwanza sikulijua. Kwa jambo hilo papa alisema "tension", na hata hilo kwa nadra. Nikaona mambo ni rahisi. Kuran ni mia mbili na thelathini, mtoto mdogo wa kambini anajua, basi hilo jingine lazima liwe ile tano iliyobaki. Nikagawanya tano kwa mia mbili na thelathini, nikamwambia kwa ujasiri: sifuri nukta sifuri mbili.

Aliitazama hesabu yangu. Akasema koili ya namna hiyo ingekata umeme wa jengo zima mara tu ukiichomeka. Halafu akaniuliza "current" ni ipi kati ya hizo mbili. Nikamwonyesha mita ya mia mbili na thelathini.

"Kumbe hata lile la kwanza ulibahatisha," alisema.

Hasira ilinipanda. Nilimjibu kwa Chichewa changu cha sokoni kwamba sijabahatisha. Kwetu neno lile ni magetsi, umeme wenyewe, ule unaokatika jioni ukiwa unapika. Na nilipokuwa nikisema hivyo nikaona kosa langu lilipokuwa limejificha miaka yote: "current" yake ilikuwa ile tano, zile ampea, si kuran yetu. Ukizidisha, hata ukibadilisha namba nafasi, jibu ni lile lile. Ukigawanya tu ndipo unaumbuka. Nikaichukua kalamu bila kuomba, nikageuza: mia mbili na thelathini kwa tano, arobaini na sita. Alichomoa jiko, akasubiri lipoe, akapima koili. Arobaini na tano na kitu. Akaniambia nije Jumatatu kuanza mafunzo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta papa amekaa mlangoni, anachambua maharage kwa vidole. Nikamsimulia yote, na kosa langu nikalisimulia kwa kicheko, nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Na mi nilijibu vile vile," alisema. "Mwaka wa kwanza ku chuo. Nikaweka deux cent vingt, kuran ya kwetu, mahali pa intensité, pa ampea. Mwalimu akanitoa mu klasi, mbele ya batoto bote. Sikurudia tena kule."

"Lakini papa, diploma yako?"

"Hakuna diploma, mama. Nilijifunza kwa kubebea bafundi ngazi. Njo maana nilikuwa nakupa puissance tu. Mule hata ukikosea, jibu inatoka muzuri. Ile ya kugawanya, nilikuwa naona haya."

Niliumia. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaambia watu papa amesoma chuo. Nilikaa chini karibu naye, nikaanza kuchambua maharage upande wangu.

"Na huyo wa Area 25," akauliza, "hakukufukuza?"

"Hakunifukuza, papa. Amesema Jumatatu."

Akachambua maharage machache. Kisha akauliza tena kama kweli hakunifukuza, na baada ya kula akauliza mara ya tatu, na kila mara nilimjibu.