Karatasi ya Kutokufa

Wakala wa bima alimwambia baba yangu kwamba karatasi aliyomuuzia inalinda maisha. Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia ng'ombe, na maneno yale aliyapokea kama yalivyo. Akaishonea karatasi ndani ya ngozi, akaivaa shingoni kama hirizi, akaenda Geita kuchimba dhahabu katika shimo lenye kuta za nyufa.

Habari iliponifikia nilimfuata, nikamkokota hadi ofisi ya bima mjini Shinyanga. Nilikuwa na hasira na woga, sijui kipi kilizidi. Nilimwambia karani, "Mzee amedanganywa, ivunjeni bima hii!" Karani akaipasua ngozi kwa wembe, akasoma, akacheka.

"Mzee, hii haikukingi na kifo. Inafanya kazi ukishakufa. Tena ukifia shimoni, haifanyi kazi kabisa."

 Karani akakubali kuivunja bima, akamsogezea wino atie dole gumba. Baba akauficha mkono mgongoni.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kisukuma, "kifusi kiliwafunika wenzangu wawili, na mimi nilikuwa katikati yao, nikatoka mzima. Unataka nivuliwe kinga hii?"

Nilikuwa nimetembea siku nyingi kwa ajili ya dole lile. Sasa nilitazama wino. Je, akitia dole, kisha akafa?

Nilimnyang'anya karani ile karatasi. Tulipofika nyumbani niliishona ndani ya ngozi kwa mikono yangu mwenyewe, na uzi nikaupitisha mara mbili.