Dada Anaondoka na Mtoto Jumamosi, Nami Bado Nimenyamaza

Admin, jina langu lifiche, maana huku milimani tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, nalima kabichi jirani na Soni. Tangu utotoni kifua kinanisumbua na masikio yananitoka usaha. Nimekulia kwenye vidonge. Enzi hizo maduka ya dawa ya watu binafsi ndiyo kwanza yanafunguliwa, na baba akishauza mboga lazima apitie hapo. Kaka zangu wawili walikufa wadogo kwa hali hiyohiyo.

Alipokufa wa pili, mama alikwenda kwa mganga kule Bungu. Akarudi na jibu kwamba anayetuloga ni bibi, mama yake baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitutafunia chakula tulipoanza kula. Bibi akahamishiwa kibanda ng'ambo ya bonde. Tulikatazwa hata kumpa shikamoo. Alifia huko peke yake, na mazishini walikuja watu wachache mno.

Mwaka huu nilizidiwa nikapelekwa hospitali kubwa. Ukimwi nimepimwa mara nyingi sina, dawa za TB nimezimeza bure. Daktari akaniambia nimezaliwa na kinga pungufu, ugonjwa wa kurithi. "Mama huubeba bila kuumwa, wanaougua ni watoto wa kiume," alisema. "Una dada?" Nikajibu ninaye. "Basi naye huenda anaubeba. Akizaa wa kiume, mleteni apimwe mapema. Miezi ya mwanzo ataonekana mzima kabisa."

Dada yangu huyo alikuja kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi yetu. Kazaa wa kiume. Arobaini imetimia, na Jumamosi wakwe zake wanakuja kumchukua. Wale watu nawajua: wakisikia kwetu kuna ugonjwa wa damu, watamwacha hapohapo na mtoto wake. Nikinyamaza, mtoto atakwenda njia ya kaka zangu.

Jana nilijikaza. Nilimkuta mama anamkanda mjukuu wake, nikasema, "Mama, kuna jambo daktari kaniambia kuhusu sisi."

Hakuniacha nimalize. "Usiwe na hofu, mwanangu. Huyu atakua. Aliyekuwa anatumaliza tumeshamzika."

Nilitoka nje nikalia. Nampenda mama, na sijui atabaki mtu wa namna gani akishaujua ukweli. Nianze na nani, mama au dada, na niseme maneno gani? Nishaurini kabla ya Jumamosi.