Rogathe na Paa la Kukanyagwa

Juu kidogo ya Dongobesh, kwenye mteremko wa mahindi na maharage, ipo nyumba ambayo mgeni anaweza kupita juu ya paa lake akadhani bado yuko njiani. Ni tembe. Baba mkwe wa Rogathe aliichimbia ubavuni mwa kilima: mbele ukuta na mlango, nyuma paa la udongo limelala sawa na ardhi. Nguzo zake ni za mtarakwa, na mpaka leo ukizikwaruza kwa ukucha zinanukia.

Rogathe aliingia humo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Humo alizaa watoto watano, humo alimuuguza mumewe mpaka siku ya mwisho. Sasa ana sitini na mmoja, mwembamba, mcheshi, na akishaamua jambo, afadhali ubishane na punda.

Aliyekuwa akibishana naye ni Festo, kitinda mimba wake. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi pale Dongobesh, na bidhaa inayotoka sana ni mabati. Sasa fikirini wenyewe.

"Mama, watu wananicheka. Mimi nauza mabati, mama yangu anakaa chini ya udongo!"

"Waambie mama yako si mteja."

Lakini kweli paa lilikuwa limechoka. Mvua za mwaka uliopita zilimfuata Rogathe mpaka kitandani. Basi wakakubaliana. Rogathe alitengeneze paa kabla ya vuli. Mvua kubwa ya kwanza likivuja hata tone moja, tembe inabomolewa, inajengwa nyumba ya matofali. Wakapeana mikono.

Rogathe akabadilisha boriti tatu zilizooza, akapanga fito, akatandaza nyasi, akamwaga udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na samadi. Ikabaki kazi ya kukanyaga. Paa la namna hii lisiposhindiliwa kwa miguu mingi linanyonya maji kama sifongo. Enzi za mama mkwe wake hiyo ilikuwa sherehe: pombe inapikwa, majirani wote wanapanda juu, wanaimba na kukanyaga mpaka jua linazama. Ila Rogathe ameokoka, mwaka wa thelathini huu. Pombe hapiki. Akapika makande sufuria kubwa na chai ya maziwa.

Walikuja watu kumi na mmoja. Kufika saa sita mchana wote walikuwa wameketi kivulini.

"Mama Festo," akasema mzee Nicodemo, jirani wa upande wa juu, "chai hii ni tamu sana. Lakini miguu haiielewi."

Wakacheka, wakashukuru, wakaenda zao. Udongo ukabaki umevimba kama mkate, na upande wa bonde la Yaeda mawingu yalishaanza kukusanyika.

Kesho yake asubuhi, Rogathe akiwa anasugua sufuria, kondoo wa Nicodemo walikatiza pembeni mwa paa. Akapanda kuwafukuza. Akainama. Pale walipopita, kwato zao ndogo zilikuwa zimeushindilia udongo ukawa mgumu kama sakafu. Akaacha fimbo, akaenda moja kwa moja kwa mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wamekula maharage yako?"

"Hapana. Nakuomba unipe kondoo."

"Wa kuchinja?"

"Wa kukanyaga."

Nicodemo alicheka mpaka akashikilia mlango, lakini kondoo akawaleta, arobaini kasoro wawili. Rogathe akaweka chumvi ya mifugo kwenye karai, akalitua kwenye kona ya paa. We! Kondoo walisukumana, wakapandana, kila mmoja anataka ulimi wake ufike. Udongo ukiwa mgumu pale, Rogathe anasogeza karai hatua mbili, na kundi linamfuata. Siku tatu alizunguka na karai lake, huku akiimba pambio.

Mvua ilishuka Jumapili mchana. Festo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda katikati ya nyumba, macho juu kama mkaguzi. Ilinyesha saa nzima. Rogathe akamenya viazi.

Kisha, to! Tone likatua kwenye goti la Festo.

Wote wawili waliliona. Rogathe angeweza kusema ni jasho, lakini si mtu wa hivyo. Akaweka kisu chini.

"Hilo ni tone, mwanangu. Tulipeana mikono."

Festo akalitazama goti lake muda mrefu. Akasubiri tone la pili. Halikuja.

"Mama," akasema polepole, "nyumba yangu ya bati inavuja sehemu tatu."

"Tatu?"

"Na usimwambie mteja wangu yeyote."

Rogathe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mvua ilipopungua, Festo akavua viatu vyake vya Jumapili, akakunja suruali, akapanda juu. Kule chini mama yake akawa anagonga boriti kwa mwiko kumwonyesha mahali. "Hapo hapo! Kanyaga, baba, kanyaga!"