Kiganja Juu ya Jina

Shangazi hakuwahi kusoma kitu bila kwanza kuziba jina la mwandishi kwa kiganja. Hata kadi za harusi.

"Ipo siku utamchangia adui yako," wifi yake alimtania.

"Kama kaandika vizuri, namchangia."

Tabia hiyo aliitoa kazini. Kwa miaka mingi aliongoza jopo lililochagua makala za kongamano la wasomi wa filamu na utangazaji. Kila ikisari, yaani muhtasari wa makala, ilivuliwa jina, ikapewa namba, ikasomwa na watu wawili. Wakivutana, Shangazi ndiye mkata shauri.

Binti wa kaka yake, mhadhiri mchanga asiyejulikana na mtu, aliweka matumaini yake hapo. Alituma ikisari kuhusu wanawake waliowakatia watu tiketi kwenye majumba ya sinema. Jina alilifuta, lakini ndani akamwacha mkata tiketi mmoja aliyewapigia mluzi watazamaji wachelewaji. Huyo alikuwa bibi yake, mama mzazi wa Shangazi.

Wasomaji wawili wakavutana, ikisari ikaletwa kwa mwenyekiti. Shangazi alisoma hadi kwenye mluzi, akaigeuza karatasi kifudifudi, akasimama.

"Huyu ni damu yangu. Amueni wenyewe."

Akatoka, akakaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, mpaka walipokubaliana kumtafuta msomaji wa tatu. Jioni akampigia binti simu, akamweleza.

"Shangazi, jamani. Si ungesema neno moja tu?"

"Ningelisema, ningeingia mimi ukumbini. Wewe ungebaki mlangoni."

"Na wakinikataa?"

"Utaandika tena. Mikono unayo."

Binti alinuna wiki nzima. Kisha jibu likaja: aje. Siku ya kongamano alisoma makala yake kwa sauti iliyotulia, na swali kali lilipotoka safu ya mbele alilijibu bila kumtafuta Shangazi kwa macho. Hakuna aliyenong'ona kwamba kabebwa. Alipopita kwenye ile korido akaligusa benchi, kama mtu anayeshukuru bila kusema.

Miaka baadaye Shangazi aliugua, akawa mtu wa kitandani. Binti alimpelekea sura ya kwanza ya kitabu chake. Kiganja kilikuwa chepesi kama kitambaa, lakini kilipanda polepole kikaziba jina. Akasoma, akapumzika, akasoma tena hadi mwisho. Binti alingoja, kama aliyekaa koridoni.

"Huyu simjui," Shangazi alisema, macho yakicheka. "Lakini mwiteni aje."