Safari ya Jeddah Kupitia Ghorofa ya Pili

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Keziah alimvalisha Hajja Wasfiya viatu vyake vyeusi vya ngozi, akazifunga kamba zake, akamkabidhi fundo lake, wakaondoka kwenda Jeddah.

Fundo lilikuwa mtandio wa kijivu. Ndani yake Hajja alitia vazi la sala, kitana, tende mbili na rimoti ya televisheni. Alilifunga mwenyewe tangu adhuhuri, akakaa nalo mapajani kama abiria anayeogopa kuachwa. Wakitoka nyumbani kwao, ghorofa ya nne, waliingia kwenye lifti, wakashuka mpaka chini, wakazunguka uwanja wa magari, wakamsalimia bawabu, wakarudi kwenye lifti. Ghorofa ya pili walishuka na kubisha mlango wetu. Mlango wetu ulikuwa Taif, mji wa mlimani ulio njiani kabla ya Jeddah. Hapo Hajja alikunywa maji na kuuliza kama barabara ya mlimani iko wazi, nami nilimjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba iko wazi. Kisha walipanda hadi ya nne, Keziah akatoa ufunguo na kufungua mlango ule ule waliotokea nusu saa iliyopita.

"Tumefika Jeddah, Hajja. Mungu ashukuriwe."

Hajja aliketi kwenye kiti cha ukumbini, akavua viatu kwa mikono yake mwenyewe, akashusha pumzi. Kuanzia hapo alikuwa mtulivu mpaka wakati wa kulala.

"Siku nisipompeleka," Keziah aliwahi kuniambia, "anagonga mlango mpaka mkono unafura. Mara ya kwanza nilimshika, nikamwambia hapa ndio nyumbani. Aliniuma. Si unaona?" Alinionyesha alama juu ya kiwiko. "Nikasema basi, kama ni Jeddah anataka, twende."

Hayo nayajua kwa sababu Keziah alipenda kusimulia, na mimi si mwepesi wa kuuliza watu maswali. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nikaja Riyadh kukaa na kaka yangu na wifi katika mtaa wa Malaz na kufundisha chekechea kwenye shule ya kimataifa. Mchana nilirudi kusoma. Keziah alinikuta na kitabu kila alipobisha.

"Mwatime, wewe utaolewa na maktaba," alisema. "Na mahari itakuwa kabati."

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mtu wa Kitale, mwembamba, mwenye tabia ya kuegemea ukuta popote aliposimama. Alikuja Oktoba 2013 kwa mkataba wa miaka miwili wa kufanya usafi na kupika. Kwenye karatasi hakukuwa na mgonjwa. Alipofika alimkuta Hajja, mjane wa miaka sabini na minane aliyekuwa ameletwa na binti yake kutoka Jeddah miaka mitatu kabla, akili ikiwa imeanza kumtoka. Mwaka wa pili kazi nyingine zote alipewa msichana wa kuja na kuondoka, Keziah akabaki na Hajja tu. Alimwogesha, akamlisha, akalala kwenye godoro miguuni pake, akaamka kila alipoamka.

Mkataba uliisha Oktoba 2015. Kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, alikuwa mume wa Madam Nawal, binti wa Hajja, na bila saini yake hakuna viza ya kutoka. Hawakuwa watu wakali. Simu hawakumnyang'anya, mshahara haukuchelewa. Kila alipoomba kwenda nyumbani, Madam alimshika mkono, karibu kulia, akamwambia, "Mama akipata mahali pa kukaa, siku hiyo hiyo utaondoka." Oktoba ikapita, ikapita Novemba, ikapita Desemba.

Binti yake Stacy alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane. Februari angeingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, na Keziah alikuwa amemwahidi tangu yuko darasa la tano kwamba sanduku lake la bati watalibeba wao wawili, huyu mkono huu na yule mkono ule, kutoka getini hadi bwenini. Mtoto hakuomba kingine. Kwa hiyo Madam alipotangaza, katikati ya Januari, kwamba kaka yake Adnan amepata nyumba ya kulelea wazee huko Jeddah, na kwamba wote watakwenda kuiona, Keziah alikuja Taif akicheka peke yake.

"Jeddah ya ukweli sasa!" alisema. "Hajja anaenda Jeddah, mimi naenda Kitale. Kila mtu kwao."

Walikwenda kwa ndege siku ya Alhamisi, wakarudi Jumamosi. Jumapili Keziah alinisimulia yote, akiwa ameegemea ukuta wetu, Hajja akinywa maji taratibu kama kawaida.

Adnan, ambaye anafanya kazi ya ukarani bandarini, aliwapokea uwanja wa ndege na, kwa kutaka kumfurahisha mama yake, akawapitisha Kandara, mtaa alikozaliwa Hajja. Nyumba yao ya zamani ilikuwepo bado. Chini kulikuwa na duka la simu, juu vibarua wamepanga, na nguo zao za kazi zilining'inia kwenye kila dirisha. Adnan aliegesha gari.

"Unaona, mama? Nyumbani."

Hajja alitazama nyumba, akamtazama mwanawe, akakumbatia fundo. "Mimi nataka Jeddah," alisema.

"Hapa ndipo Jeddah, mama."

"Hapana. Yalla, twende, jua linazama."

Adnan alicheka, kisha akaacha kucheka. Keziah alijua Jeddah ya Hajja ilikuwa wapi: kwenye kile kiti cha ukumbini.

Nyumba ya wazee ilikuwa kaskazini ya mji, mpya, yenye sebule iliyo na samaki wa rangi ndani ya kioo. Msimamizi aliwakaribisha kahawa na tende, akawafungulia Madam na Adnan faili lenye vyeti. Keziah aliambiwa amshike Hajja wakasubiri ndani pamoja na wafanyakazi. Alifurahi, kwa sababu vyeti hajui kuvisoma, lakini mgonjwa aliyetunzwa anamjua.

Alinusa kwanza. Palinuka sabuni, na chini ya sabuni hapakunuka kitu. Bibi mmoja alikuwa amelala. Keziah aliinua pembe ya shuka akatazama visigino, maana mtu asiyegeuzwa kitandani huanza kuchubuka pale. Visigino vilikuwa salama. Alitazama kucha, zilikuwa fupi. Alitazama gilasi za maji kama ziko mahali mkono wa mgonjwa unafika, au zimewekwa mbali ili godoro lisilowe. Zilikuwa karibu.

"Mwatime, moyo ulikuwa unaruka," aliniambia. "Nilikuwa nishaanza kununua sabuni na kalamu za Stacy kwa kichwa."

Mfanyakazi mmoja aliyekuwa akikunja mataulo alimtazama.

"Wewe ni Mkenya," alisema. "Nimekujua vile umemshika huyo mzee na bega. Wa wapi?"

"Kitale."

"Jirani! Mimi Rosebellah, wa Kakamega. Karibu bweni."

"Bweni gani?"

"Si unaona vitanda vimepangwa? Imebaki tu kengele ya kula githeri."

Walicheka. Keziah alimuuliza waziwazi, "Hapa watu wanapigwa?"

"Apige nani? Kamera ziko mpaka jikoni. Chakula ni poa, wanaoga kila siku. Ni vile tu tuko wawili kwa zamu, na hawa wazee ni ishirini na wawili. Angalia hii mikono. Hii ni ya mtu wa miaka hamsini, na mimi niko thelathini na moja."

Wakati huo Hajja, aliyekuwa amepewa juisi, aliimwaga yote kwenye viatu vyake. Rosebellah, mataulo yamemjaa mikononi, akasema kwenye kabati la kwanza kuna sandali, achukue. Keziah akakosea, akafungua la pili.

Lilikuwa limejaa viatu. Kila jozi kwenye mfuko wa plastiki, jina limeandikwa juu ya utepe. Vya kike, vya kiume, vya ngozi, vya raba. Alitoa jozi moja akaigeuza. Soli ilikuwa safi kabisa, na kibandiko cha bei bado kimeshika. Akageuza nyingine. Nayo vile vile, haikuwahi kutembea zaidi ya kutoka garini hadi pale.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni vyao," Rosebellah alisema. "Vinatolewa siku ya kuingia. Mtu akiwa na viatu anajua kuna mahali anaenda. Atasumbua mlango, ataanguka, na akivunjika nyonga ni mimi nitaulizwa. Ukimtolea viatu, wiki mbili, tatu, anaketi. Halas, imeisha."

"Na asipoketi?"

"Wote huketi, dada."

Keziah alisema Rosebellah hakuyatamka kwa ubaya. Aliyatamka huku akimkausha Hajja vidole vya miguu kwa taulo, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejua kazi yake. Keziah alirudisha viatu mahali pake, akafunga kabati.

Wakati wa kurudi Adnan aliendesha, Madam akakaa nyuma na mama yake na Keziah. Adnan alikuwa amefurahi. Alisema kitanda kipo, wiki ijayo mama anaweza kuingia, na yeye yuko karibu, atamtembelea kila Ijumaa.

Madam akageuka. "Keziah, wewe umepaonaje?"

"Sasa tunamuuliza kadama, mtumishi wa ndani?" Adnan alisema.

"Wewe umemwogesha mama mara ngapi, Adnan?"

Keziah alihesabu taa tatu za barabarani. Neno alilotakiwa kusema lilikuwa moja tu, pazuri, na lisingekuwa uongo. Wiki ijayo Hajja angekuwa kitandani, wiki inayofuata yeye angekuwa Kitale, na sanduku lingekuwa na mkono wa pili. Hajja alikuwa ameshikilia fundo, miguu ndani ya sandali zisizo zake.

"Pazuri, Madam," Keziah alisema. "Pasafi, chakula kizuri, hakuna anayepigwa. Lakini watamvua viatu."

Madam hakuelewa. Ikabidi Keziah aeleze kabati, mifuko, soli. Alieleza pia kuhusu ghorofa ya pili, uwanja wa magari na bawabu, kwa maana Madam hurudi kutoka kazini jioni na siku zote alimkuta mama yake ameshafika Jeddah, ametulia. Alidhani ni dawa.

"Basi utabaki mpaka tupate pengine?" Madam aliuliza mwishowe.

"Nataka kwenda nyumbani, Madam. Jana nilitaka na leo nataka."

"Sasa nani atakuwa anampeleka?"

"Sijui, Madam. Ni mama yako."

Kitanda hawakukichukua. Adnan alikasirika, akapiga simu siku tatu mfululizo, kisha akaacha. Madam alimwambia Keziah avumilie mpaka baada ya Ramadhani, na safari hii alimfanya mumewe aandike tarehe na kutia saini. Keziah aliikunja ile karatasi akaitia kwenye pochi. Hakunionyesha furaha yoyote. Ramadhani ilikuwa miezi minne mbele, na siku ya Stacy kuingia shule ilikuwa wiki mbili tu.

Ijumaa iliyofuata mlango wetu ulibishwa saa ile ile. Nilifungua nikamkuta Madam Nawal mwenyewe, ndani ya abaya yake nzuri, amemshika mama yake mkono mmoja na fundo mkono mwingine. Alikuwa anaona haya kuliko mimi.

"Samahani," alisema. "Keziah amelala. Ameniambia hapa kuna maji."

Niliwaletea maji. Hajja akauliza kuhusu barabara ya mlimani. Madam akanitazama akisubiri, kwa sababu hakujua kinachofuata, nami nikasema iko wazi.

Tangu siku hiyo Ijumaa zikawa za Madam, na Keziah akalala mchana huo mmoja kwa juma kama aliyeanguka. Siku nyingine zilibaki zake.

Siku ya Stacy kuripoti shuleni ilikuwa Jumatatu. Alasiri Keziah alifika Taif na Hajja, na kabla sijaleta maji alinipa simu yake nitazame. Kwenye picha kulikuwa na msichana mrefu mwenye sare kubwa kuliko mwili, na sanduku la bati jeusi lenye jina kwa rangi nyeupe. Mkono mmoja wa sanduku ameushika yeye. Mwingine ameushika mjomba wake Dalmas, kaka yake Keziah, ametabasamu kupita kiasi kama watu wafanyavyo wanapopigwa picha kwa ajili ya mtu aliye mbali.

"Dalmas amenyoa hadi ndevu," Keziah alisema. "Yeye huyo hata kanisani haendi amenyoa."

Alichukua simu, akaifuta kioo kwa kanga, akaegemea ukuta. Macho yalikuwa mekundu, lakini macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Hajja alinywa maji kidogo kidogo, viatu vyeusi vimefungwa vizuri, fundo mapajani.

Nilikuwa na swali moja, na nilikuwa nimekaa nalo wiki tatu.

"Dada Keziah, unajuta kumwambia Madam?"

Alimwinua Hajja kwa kumshika kwapani, akamrekebishia mtandio, akatoka naye, akabonyeza kitufe cha lifti.

"Kumwambia, hapana," alisema. "Najuta kufungua lile kabati."