Brashi Nyuma ya Mlango

Kwa miaka miwili nilimsikia kaka yangu akichora nyuma ya mlango wa chumba cha uani.

Siku tulipoufungua ule mlango, picha ilikuwa haijaongezwa hata mstari mmoja.

Msiseme ni mauzauza. Ngojeni niwaeleze.

Kaka yangu alikuwa mchoraji. Mke wake alifariki siku aliyomzaa binti yao, na mtoto nikamlea mimi. Picha zote za marehemu ziliharibika bomba la maji lilipopasuka ndani ya nyumba, kwa hiyo binti alikua hajui sura ya mama yake.

Kaka akamwahidi, "Nitakuchorea. Ninayo kichwani."

Ila hakuwa mtu wa haraka. Anachora, anafuta, anachora tena. Miaka kumi. Alijifungia chumba kile cha uani tangu asubuhi mpaka jua linazama, yeye na harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi. Hakutaka mtu aione kabla haijaisha.

Nilikuwa nampelekea chai. Nagonga.

"Dada, umeleta chai au maswali?"

"Vyote."

"Chai ipite. Maswali yasubiri hapo nje."

Basi nacheka, narudi jikoni.

Kisha akaugua mapafu, akalazwa wiki tatu. Nikasema, huyu akirudi akute pamependeza. Nikaingia, nikaifunika picha kwa shuka huku nimegeuza uso, maana hakutaka ionekane. Nikafagia. Nikapanga makopo.

Sasa dirisha. Kioo kilikuwa na utando mzito, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nikajiuliza, mtu anaonaje humu? Nilisugua kwa sabuni, nikakwangua kwa wembe, siku mbili nzima. Mgongo ukakataa kunyooka. Lakini jua liliingia mpaka kona ya mwisho.

Aliporudi nilimshika mkono, nikampeleka mwenyewe.

Akasimama mlangoni. Akalitazama dirisha, akalitazama.

"Umefanya kazi kubwa, dada," akasema. "Ahsante."

Jamani, nilivimba kichwa. Nikawasimulia majirani wote.

Kesho yake akaingia kazini kama kawaida. Nikipita na ndoo nasikia brashi inagonga kopo, tak, tak, tak. Nikimuuliza imefikia wapi, ananijibu, "Inakwenda."

Ila utani wa mlangoni uliisha. Chai ikawa inarudi imepoa. Nikasema ni ule ugonjwa.

Mwezi uliopita, miaka miwili tangu nisafishe dirisha, akatuacha. Mapafu yaleyale.

Baada ya maziko tukafungua chumba, mimi, binti yake, na fundi wa fremu za picha aliyekuwa rafiki yake wa pekee. Binti akavuta shuka.

Nywele. Paji la uso. Shavu moja.

Macho hakuna. Mdomo hakuna. Rangi makoponi ilikuwa imekauka zamani.

"Shangazi," binti akasema, "miaka miwili alikuwa anafanya nini humu?"

Nikamgeukia fundi.

"Sema, fundi."

"Mama, alinikataza."

"Aliyekukataza tumemzika. Sema."

"Kile kioo hakikuwa kichafu. Alikipaka mwenyewe, chokaa na gundi, kidogo kidogo kwa miaka, mpaka mwanga wa humu ukafanana na wa chumba walichokaa na mkewe. Alisema ni katika mwanga ule tu ndipo anamwona. Ulipotoka, na sura ikamtoka. Alijaribu sana kukipaka upya. Anapaka, anafuta. Mwanga haukurudi."

"Na brashi niliyokuwa nikiisikia?"

"Alikuwa anagonga kopo tupu akisikia hatua zako. Aliniambia, dada yangu amelifurahia mno dirisha lake. Akijua, hatapata usingizi tena."

Nikaketi kwenye kigoda chake.

Binti hakunifokea. Ningetamani anifokee. Alipitisha kidole pale ambapo macho yangekuwa, taratibu, kama anamfuta mtu machozi. Kisha akanigeukia.

"Shangazi, wewe ulimwona. Alikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Miaka thelathini imepita.

"Alikuwa mzuri," nikasema. "Mpole. Alikuwa anacheka vizuri."

Akanitazama, akangoja niendelee. Sikuwa na zaidi. Na hayo niliyosema yangemfaa mwanamke yeyote duniani.

Wajukuu zangu mnaonisoma, unapotaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Na ukiumizwa na anayekupenda, mwambie siku hiyohiyo, hata kama atalia.

Kaka yangu alinilindia furaha yangu miaka miwili, akiwa peke yake mle ndani. Mimi ningeitoa yote, anigombeze mara moja tu.