Barua Niliyomsomea Dada Milembe

Juzi nilifungua sanduku la marehemu dada yangu Milembe, na kabla sijaona kitu, harufu ya nafutalini na poda ikanipiga usoni. Harufu ya poda ile naijua. Niliichukia tangu utoto, kwa sababu ilikuwa harufu ya msichana mzuri, na msichana huyo hakuwa mimi.

Nisikufiche, msomaji wangu: nilikuwa na wivu. Niliamka nao na nikalala nao. Kwetu ni karibu na Segese, na tulikuwa wasichana wawili tu, yeye wa miaka kumi na saba, mimi kumi. Mama alikuwa na maneno mawili mdomoni. "Milembe, toka juani, utaunguza uso." Na, "Minza, ndoo hiyo." Ndoo niliijua kuliko shuka langu.

Mwaka wa vita vya Kagera baba alikuwa mgambo, akapelekwa huko mbele. Kijijini ikaitishwa ngoma ya kuchangia askari chakula na ng'ombe, na mwenyekiti akaona watu wachangamshwe kwa kuchagua msichana mrembo. Enzi zile mambo ya urembo yalipigwa marufuku, kwa hiyo yeye akayaita mashindano ya usafi. Wasichana walikaguliwa kucha na masikio mbele ya ghala la pamba. Mimi sikuruhusiwa kwa umri, lakini kucha nilizikata hivyo hivyo, mpaka zikatoa damu. Milembe akapita na kanga ya mama, masikio sijui hata kama aliyasugua, na vigelegele vikalipuka. Akavikwa taji la pamba mbichi, pamoja na mbegu zake, lililofungwa kwenye waya. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilisema moyoni, laiti angepita mbuzi hapa akalila hilo taji.

Mwandishi wa gazeti aliyefuatana na michango ile alimpiga picha. Wiki chache baadaye ikaja barua kutoka Mwanza.

Nyumbani mwenye kusoma nilikuwa mimi peke yangu. Milembe hakuwahi kukaa darasani. Basi mama akanikalisha kwenye kigoda, Milembe akachuchumaa mbele yangu, mikono mashavuni. "Soma, ng'wanone," mama akasema, yaani mwanangu.

Nikasoma. Watu wa sinema walikuwa wanatengeneza picha ya mwanamke anayemngoja mumewe aliyekwenda vitani, na walimtaka yule msichana wa taji la pamba awe ndiye mke. Gari lingemchukua siku ya mnada, mnadani Segese. Mpaka hapo kwenye "siku ya mnada" nilisoma vizuri. Halafu ulimi wangu ukasema Bugarama.

Sikutaja siku. Kwetu kila mnada una siku yake, na mama alihesabu mwenyewe kwa vidole: Segese ni Jumatano, Bugarama ni Jumamosi. Nilijua atahesabu. Nilikuwa na akili, tatizo halikuwa akili.

Jumatano nikatumwa chumvi Segese. Gari lilikuwepo, Landrova yenye turubai, na bwana mmoja mwenye kofia alikuwa akiuliza watu, "Milembe yuko wapi? Yule wa taji la pamba?" Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, chumvi yangu mkononi. Nilijibanza nyuma ya wauza ng'ombe mpaka gari likaondoka, jua likishuka. Nikarudi nyumbani. Milembe alikuwa amebakiza wali wake, akanisogezea sahani, nikaumaliza wote.

Jumamosi alikwenda Bugarama na sanduku lake na ile barua. Alikaa juu ya sanduku siku nzima. Jioni akaomba lifti kwenye lori la pamba mpaka Mwanza, na huko akakuta nafasi ya mke imeshachukuliwa na msichana mwingine. Wakampa ya mchota maji.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilikuja kijijini. Milembe alipita kwenye kitambaa na mtungi kichwani, akauliza, "Bado hajarudi?" akatoweka. Watu walishangilia mpaka mbwa wakabweka. Nami, niliyemchotesha maji mbele ya nchi nzima, nilimwonea wivu hata ule mtungi.

Hakurudi tena kukaa kwetu. Aliigiza maisha yake yote, mara mama wa kambo, mara jirani mmbea, na uzeeni mama mkwe mkali kwenye filamu za video. Mpaka Nyarugusu wachimbaji walimjua kwa sura. Mke wa mtu, yule wa mbele kabisa kwenye picha, hakuwahi kuwa.

Barua zake zote, alizowaandikisha watu, zilianza kwa namna moja: "Asome Minza, asisome mtu mwingine." Halafu: "Mama, Minza ndiye mwenye kichwa kwetu. Usimtume maji, mwache asome." Nilisoma maneno hayo kwa sauti, nikijisifu kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama akaanza kuchota maji yeye. Mimi nikasoma mpaka nikawa mwalimu. Na miaka yote hiyo nilijifariji kwamba Milembe hajui.

Sandukuni kulikuwa na waya wa taji, mbegu chache za pamba zimeng'ang'ania. Chini yake ilikuwa ile barua. Neno Segese limepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni mtu ameandika: "Tulikungoja hapa mpaka jioni."

Aliichukua barua iwe kitambulisho chake, na mtu wa kwanza kuonyeshwa akamsomea. Alijua tangu Mwanza, kabla ya ile barua ya kwanza ya kunisifu.

Na kusoma hakujua kwa sababu nilipozaliwa mama alikuwa shambani kwenye pamba, na lazima mtu abaki nyumbani anibebe mgongoni, akabaki yeye. Hilo nililijua siku zote, ila sikuwahi kuliweka karibu na hili lingine.

Kama ningekuwa mimi, ningemwandikia mama siku ile ile, na ningetaka apigwe mtu. Uso wake nilikwisha kumsamehe zamani; uzee ulitusawazisha. Lakini nimekaa na karatasi hii mapajani tangu asubuhi, na wivu wa nilipokuwa na miaka kumi umenirudia wote. Hata kwenye hili Milembe kanishinda.